Vidole Vitatu vya Emmett

Tangu asubuhi nilikuwa situlii. Nilipanga sahani mezani, nikazipangua, nikazipanga upya, mpaka mama akaninyang'anya uma mkononi.

"Corliss, hebu kaa chini, unanitia kizunguzungu."

"Nimekaa, mama."

"Umekaa wapi na wewe? Umeganda dirishani unachungulia barabara. Atakuja tu. Mtu wa ratili mia tatu na kumi hapotei njiani."

Ilikuwa Alhamisi ya Shukrani, sikukuu ya kula na ndugu, bata mzinga yuko ovenini, na haya yote niliyataka mwenyewe. Mimi ndiye niliyemkaribisha Emmett Kucera aje kula kwetu kwa mara ya kwanza, aonane na baba. Sikuangalia kalenda. Au niseme kweli, niliiangalia, ila mapenzi yalinifumba macho. Jumamosi, keshokutwa yake, chuo chetu cha Platte Forks, upande wa Nebraska, kilikuwa kinacheza na Tilden, chuo cha upande huu wa Iowa. Na pale Tilden, mtu ambaye kazi yake ni kumpita Emmett kwa nguvu alikuwa Garrick, mdogo wangu wa tumbo moja. Kocha wao aliwaruhusu vijana wa karibu waende kula makwao, warudi kambini kabla ya saa kumi. Kwa hiyo wawili hao wangekaa meza moja, wakipeana chumvi.

Emmett ni mtu wa mstari wa mbele. Katika mpira wetu huu wa kofia ngumu, mtu wa mstari hashiki mpira, hafungi, hapigwi picha. Jina lake hutangazwa uwanjani akikosea tu. Anainama, anaweka vidole vitatu chini, halafu anasonga mbele timu ikikimbia na mpira, au anarudi nyuma ikirusha, akipambana na jitu kama yeye ili Whit, mrushaji wetu, apate sekunde tatu za kufikiri. Mimi nilikuwa napiga video za timu. Miaka mitatu nilisimama juu ya jukwaa la chuma nyuma ya goli, upepo unanikata masikio, kamera imemwelekea yeye. Wenzangu wanawajua wapenzi wao kwa sauti au kwa marashi. Wangu nilimjua kwa mgongo.

Saa saba kasoro gari lake likakata kona ya zizi. Alishuka na bakuli lililofunikwa kitambaa, akainama mlangoni ili asigonge kichwa, na macho yetu yakakutana juu ya bega la mama. Jamani! Siku tatu tu sikuwa nimemwona, na moyo ukanidunda kama sijawahi kuona mwanamume.

"Shikamoo, mama. Hii ni mikate ya plamu, mama yangu ameituma."

"Marahaba, mwanangu. Pita, pita. Mungu wangu, Corliss, mbona hukuniambia? Bata mmoja hatoshi!"

Baba hakusimama. Alimpa mkono akiwa amekaa, akamtazama kuanzia viatu hadi nywele kama anayekagua ng'ombe mnadani.

"Kucera," alisema.

"Mzee Brandt."

"Huyu ndiye mwenyewe?" Garrick akaingia kutoka jikoni, paja la bata mkononi, kabla hata ya sala. "Karibu, shemeji! Kula sana leo. Jumamosi nitakupita kama mlango wa zizi mlevi aliousahau wazi."

"Asante," Emmett akajibu kwa upole. "Nisogezee viazi."

Mama akacheka hadi akashika meza. Hata shangazi Verlene, dada yake baba, ambaye hucheka mara mbili kwa mwaka, alificha mdomo kwa kitambaa. Nikaanza kupumua. Tukala. Emmett alimaliza sahani tatu, na kila aliponyoosha mkono kuchukua kitu, goti lake liligusa langu chini ya meza na kubaki hapo kidogo. Sikumbuki ladha ya bata yule hata kidogo.

Baba alisubiri hadi pai ya maboga ilipoletwa.

"Nasikia unamaliza masomo mwezi ujao."

"Ndiyo, mzee."

"Halafu?"

"Mwezi wa kwanza naenda Arizona. Kuna mwalimu huko anawanoa watu wa mstari kabla timu za kulipwa hazijachagua."

"Na wakikuchagua?"

"Nitaenda watakakonipeleka."

"Miami. Seattle. Popote." Baba alikata pai yake vipande vidogo vidogo bila kula. "Na binti yangu anabaki hapa hadi mwezi wa tano, anasubiri simu."

"Baba," nikasema.

"Nazungumza na mgeni. Nyie watu wa mpira ni watu wa kupita, Kucera. Sikutukani. Mwulize huyu dada yangu."

Shangazi Verlene alitengeneza kola ya blauzi yake. "Wangu alikwenda Texas," alisema, kama anayetaja hali ya hewa. "Alinitumia kadi moja ya posta, ina picha ya ng'ombe wa pembe ndefu. Mpaka leo sijui alitaka kuniambia nini."

Hakuna aliyethubutu kucheka.

Emmett aliweka uma chini. Masikio yake yalikuwa mekundu. "Mzee, mwezi wa tano nitakuwa nimekaa kwenye mahafali ya Corliss. Popote watakaponipeleka, nitarudi."

"Maneno," baba akasema. "Hata yule wa Texas alikuwa nayo, tena mazuri kuliko yako."

Hapo ndipo damu iliponipanda kichwani. Nilitazama huku na huku kama mtu anayetafuta ndoo nyumba ikiwaka moto, na kitu cha kwanza nilichokiona kilikuwa mkono wa Emmett juu ya kitambaa cheupe cha mama, vidole vitatu vimekitwa.

"Baba, mtazame vidole!" nikaropoka. "Huyu hawezi kudanganya hata akitaka! Nimemwona mara elfu kwenye video. Akiwa anakwenda mbele kweli, anaegemea vidole hadi vifundo vinakuwa vyeupe. Akiwa anarudi nyuma, vinagusa tu. Hata yeye mwenyewe hawezi kujizuia. Haya, tazameni!"

Wote wakatazama. Vifundo vya Emmett vilikuwa vyeupe kuliko kile kitambaa.

Mama akashika kifua. Shangazi Verlene alipangusa jicho moja, moja tu. Baba naye, nilimwona mwenyewe, mdomo wake ulilegea kidogo, na kwa muda huo mfupi hapakuwa na msichana mwenye furaha kama mimi Iowa nzima.

Kisha nikasikia uma ukiwekwa chini.

Garrick alikuwa ameacha kutafuna. Hakumtazama Emmett usoni. Alitazama vile vidole, midomo ikitikisika kidogo kama mtu anayekariri namba ya simu.

"Vyeupe, mbele," alisema polepole. "Vikigusa tu, nyuma."

Emmett aliuondoa mkono mezani, akauweka mapajani.

"Bata ameiva vizuri sana, mama," alisema.

*

Tulivuka daraja la mto Missouri kurudi chuoni. Mashamba ya mahindi yalikuwa yameshavunwa, yamebaki mabua, na nilihesabu maghala ya nafaka ili nisilie. Nilipofika la tisa nikashindwa.

"Sema kitu basi."

"Niseme nini?"

"Nitukane. Piga kelele. Usikae hivyo!"

"Naendesha gari, Corliss."

"Emmett!"

Akasimamisha gari pembeni, karibu na kituo cha mafuta. Hakuzima injini. Mikono yake ilishika usukani na nikajizuia nisivitazame vidole.

"Mwaka wa kwanza," akaanza, "ulikuja na kanda ya video ukaniambia, wewe kijana, vidole vyako vinatoa siri. Nilikuwa sikujui. Ulikuwa na kofia ya sufu imekufunika hadi machoni. Nikakuomba usimwambie mtu, nitajirekebisha. Unakumbuka?"

"Nakumbuka."

"Nikajitahidi, nikashindwa. Kocha hakuwahi kuona, yeye anatazama miguu. Timu pinzani hazikuona, maana video zao zinapigwa kutoka mbali. Duniani tulijua wawili, mimi na wewe. Leo umemwambia nani? Mtu mmoja tu atakayesimama mbele ya pua yangu keshokutwa!"

"Nilikuwa nakutetea!"

"Ungenitetea kwa kitu kingine! Ungesema napenda mbwa!"

Nusura nicheke, lakini sura yake haikuwa ya mzaha.

"Bega la Whit lilishonwa mwezi wa nane," akaendelea. "Garrick akijua tunarusha au tunakimbia kabla hatujaanza, atamfikia kwa nyuma, atamvunja. Whit hatajua kimemkumba nini. Na kuna mtazamaji wa timu ya kulipwa, anayetafuta wachezaji, amekata tiketi aje aone mchezo mmoja tu. Huo."

"Nitampigia Garrick. Sasa hivi."

"Umwambie asahau?"

Nikapiga hivyo hivyo. Alipokea akiwa barabarani anarudi Tilden.

"Dada, najua unachotaka kusema."

"Garrick, nakuomba. Ilikuwa mambo ya mezani. Mambo ya familia."

"Ulisema mbele yangu, na mimi nina masikio. Unataka nisimame pale nimefumba macho? Wenzangu nitawaambia nini?"

"Usiwaambie. Fanya kama hukusikia."

Sauti yake sasa haikuwa na utani. "Na mimi mtazamaji anakuja kuniona, Corliss. Au umesahau kama mimi ni ndugu yako?"

Akakata. Nikabaki nimeshika simu kama mjinga.

"Amekataa," Emmett akasema.

"Amekataa."

"Ningekuwa yeye ningekataa." Alirudisha gari barabarani. "Nitavaa glavu."

"Wewe hujawahi kuvaa glavu hata theluji ikianguka. Unasema zinakuziba mikono."

"Nina kesho nzima ya kujifunza."

Tulifika mbele ya bweni langu jua likiwa bado juu ya mnara wa maji. Nikafungua mlango, nikashindwa kushuka.

"Emmett, nisamehe."

"Sijakasirika kwa sababu ya mpira," alisema. Alikuwa anatazama mbele, kwenye kioo. "Sawa, nimekasirika kwa sababu ya mpira. Lakini siyo hiyo inayoniuma. Baba yako aliniuliza kama nitarudi. Nikajibu. Nilimjibu mbele ya familia yako yote, masikio yananiwaka moto. Na wewe neno langu halikukutosha. Ukakimbilia vidole."

"Ilikuwa kwa ajili ya baba!"

"Kweli?"

Niligeuza macho dirishani. Maana ukweli ni kwamba miaka mitatu mizima kila aliponiambia jambo zito, ananipenda, hatazami mwingine, tutakuwa pamoja, macho yangu yalishuka kwanza kwenye mikono yake. Nilidhani hajawahi kuona. Kumbe aliona siku zote.

"Nenda ndani, baridi," akasema. Ila aliniinulia kola ya koti kabla sijashuka, na ile huruma ndiyo iliyonimaliza.

*

Ijumaa hakupiga simu. Nilishika simu mchana kutwa, nikaiweka, nikaishika. Nilikunja nguo zilizokwisha kunjwa. Mwenzangu wa chumbani akaniuliza kama naumwa, nikamwambia ndiyo.

Jumamosi nilipanda jukwaa langu la chuma upande wa kaskazini wa uwanja mapema mno, kabla hata watu wa kupasha misuli hawajatoka. Mama, baba na shangazi Verlene walikaa upande wa Tilden. Mama alinipungia, halafu akakumbuka yuko upande gani, akashusha mkono.

Emmett alitoka na glavu nyeusi.

Sitaki kuisimulia sana nusu ya kwanza. Glavu zilimtesa. Alishika jezi ya Garrick ikamponyoka, akashika tena, ikaponyoka. Mara ya kwanza Garrick alipompita, Whit aliuona ujio akajilaza mwenyewe. Mara ya pili hakuuona. Alipigwa ubavuni, akalala pale akitazama mawingu. Kamera yangu iliendelea kuzunguka. Mimi nilikuwa nimefumba macho. Nilipoyafumbua, Whit alikuwa amekaa, anasogeza bega lake polepole, na Emmett amepiga magoti kando yake, anasema kitu. Hakutazama juu kwenye jukwaa hata mara moja.

Mtangazaji akataja jina lake. Namba sabini na nne, Kucera. Nikatamani ardhi ipasuke inimeze mimi na jukwaa langu.

Waliporudi kutoka mapumziko, Emmett alikwenda hadi kwenye benchi, akavua glavu moja, akavua ya pili, akazitupa chini.

"Anafanya nini yule?" akauliza Dalton, mwenzangu wa kamera ya pili. "Zitaganda, hiyo mikono!"

Sikumjibu. Nilikuwa nimeshikilia reli kwa nguvu, maana nilielewa kabla yake. Mikono mitupu, vidole vitatu kwenye nyasi, vinaonekana na kila mwenye macho. Amekata tamaa, nikasema moyoni. Amechoka kujificha.

Na kweli vidole vilisema ukweli. Vikiwa vyeupe, tulikimbiza mpira. Garrick akaziba njia. Vikigusa tu, Whit alirusha. Garrick akazunguka mapema, na Whit akalazimika kuutupa mpira nje. Tena na tena. Mdogo wangu alikuwa anacheza kama anasoma gazeti. Niliwaza juu ya yule mtazamaji wa timu ya kulipwa huko juu, kalamu mkononi, anaandika jina la Garrick. Ni ndugu yangu. Nilipaswa kufurahi. Sikuweza.

Dakika mbili za mwisho tulikuwa nyuma kwa alama nne, na safari hii timu yetu ikawa inakuja upande wangu. Yadi kumi na tano kufika mstari wa mwisho. Yadi saba. Yadi mbili, na jaribio moja tu limebaki. Miaka mitatu nilikuwa nimemzoea Emmett kwa mgongo; sasa mgongo uliokuwa mbele yangu ulikuwa wa Garrick, na ng'ambo yake, ndani ya vyuma vya kofia, uso wa Emmett ulikuwa umenielekea.

Akainama. Akaweka vidole chini. Nikavuta kamera karibu hadi vikajaa kwenye kioo.

Vilikuwa vyeupe, vyeupe kama vile juu ya kitambaa cha mama.

Tunakimbiza, nikajua. Garrick naye alijua. Nilimwona akishusha mabega, akiegemea ndani, tayari kuziba.

Mpira ukatolewa, na Emmett akarudi nyuma.

Hatua moja, mbili, nyepesi, kama mtu anayempisha mwanamke mlangoni. Garrick alikuwa ameshajirusha mbele kwa nguvu zake zote. Emmett akamwekea mkono mmoja begani, akamwongezea safari. Mdogo wangu akala nyasi. Whit alisimama peke yake, hana hili wala lile, kama mtu anayesubiri basi. Akarusha. Mpira ukashikwa kwenye kona ya uwanja, chini ya jukwaa langu kabisa: alama sita, tumeshinda.

Watu elfu ishirini wakaruka. Dalton akanikumbatia, kofia yangu ikaanguka. Walikuwa wanalia, wanabusiana, wanamwagiana soda.

Mimi sikuruka. Nilirudisha picha nyuma, nikavitazama vile vidole tena. Vyeupe. Nikarudisha tena. Hapakuwa na tofauti yoyote, hata mimi niliyevitazama miaka mitatu sikuiona. Na baridi iliyonishika pale haikuwa ya Novemba. Emmett alikuwa amejua kudanganya kwa vidole, na mimi ndiye niliyemlazimisha ajifunze.

*

Baada ya mchezo, familia huruhusiwa kushuka uwanjani. Nilipofika, baba, mama na shangazi walikuwa wamemzunguka Garrick. Alikuwa na nyasi hadi kwenye meno. Emmett akaja, kofia mkononi, mvuke unamtoka kichwani, na wawili hao wakatazamana.

"Shemeji," Garrick akasema, "umenila mzima mzima."

"Ulinisoma vizuri. Nusu saa nzima ulinisoma."

"Ulikuwa unanilisha!"

"Kidogo kidogo. Ili ushibe."

Garrick akamtazama, kisha akaangua kicheko, akampiga kifuani kwa mkono wazi. "Yule mtazamaji anasema mimi nina kasi. Mwakani atanirudia." Akanigeukia. "Dada, usinitazame hivyo. Tumeshamaliza. Nina njaa."

Alinivuta kichwa akanibusu kwenye nywele, nikajua hana kinyongo nami. Angalau huyo mmoja.

Emmett akanishika kiwiko, akanisogeza pembeni, kwenye uzio wa chini unaotenga uwanja na viti.

"Watu wa timu ya kulipwa wamezungumza na mimi," alisema. "Wanataka niwahi Arizona. Siyo mwezi wa kwanza. Siyo Jumatatu hii, ile inayofuata. Mitihani nitaifanyia huko."

"Siku tisa?"

"Siku tisa."

"Hongera," nikasema, na ilikuwa kweli, na iliuma.

"Corliss. Nitarudi. Nilimwambia baba yako mwezi wa tano, na nakwambia wewe. Nitakuwepo."

Mkono wake ulikuwa juu ya uzio. Na macho yangu, Mungu anisamehe, yalishuka yenyewe.

Vifundo vilikuwa vyeupe.

Alhamisi vingenitosha. Alhamisi ningelala usingizi wa miezi sita juu ya vifundo vile. Sasa nilivitazama na havikuniambia chochote. Huenda ni kweli. Huenda ni baridi. Huenda ni uhodari wake mpya tu.

"Unatazama tena," alisema taratibu.

"Sivisomi," nikasema, na machozi yakanishinda nguvu. "Nimejaribu, Emmett. Sivisomi tena. Nitajuaje sasa?"

"Kama watu wengine wanavyojua."

"Wanajuaje?"

Akafikiri. Yeye ni mtu wa kufikiri kabla ya kujibu, ndiyo maana watu humdhania mzito. "Hawajui," alisema. "Shangazi yako hakujua. Mama yangu naye hakujua baba yangu alipoondoka, na alirudi. Wanaambiwa, basi. Kisha wanasubiri waone."

"Hiyo inatisha."

"Inatisha sana. Wewe ulikuwa na kamera. Mimi miaka yote hii nimekuwa nakusikiliza wewe bila kamera."

Haikuwahi kunipitia akilini, hata siku moja, kwamba naye alikuwa mahali pale pale. Kwamba kila niliposema nampenda, yeye alikuwa na neno langu tu, akalichukua, akaenda nalo mazoezini saa kumi na moja alfajiri.

Nyuma yetu baba alikohoa. Alikuwa amesimama, mikono mfukoni, anatazama ubao wa matokeo badala ya kututazama sisi.

"Kucera. Hiyo Jumatatu yako ni mbali. Jumapili kuna paja la nguruwe. Verlene anataka uje."

"Verlene?" nikauliza.

"Verlene," baba akasisitiza, akaondoka zake.

Emmett akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi. Mimi bado nilikuwa nalia na kucheka kwa pamoja, pua inatiririka, sura yangu hovyo kabisa. Mashabiki walikuwa wanatupita wakipiga mayowe, wakimpiga mgongoni, na yeye hakugeuka.

Nikachukua ule mkono wake mkubwa kutoka kwenye uzio. Ulikuwa baridi kama chuma, umechubuka, una udongo kwenye kucha. Nikavifunika vile vidole vitatu kwa mikono yangu yote miwili, nikavibana, hata nisijue ni vyeupe au vyekundu. Kisha nikainua kichwa, juu, juu zaidi, hadi machoni.

"Sema tena," nikamwambia.

Akasema.